Kipande cha Pili Ndani ya Mashine Yako

Garsen,
Kaunti ya Tana River.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Abdiaziz,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa vumbi la Doha kiwe kimetulia. Je, unapata usingizi wa kutosha baada ya zamu? Mama anauliza kila siku kama huko kuna maziwa ya maana au unakunywa ya pakiti tu. Yeye hajambo kiasi. Sukari yake imeshuka tangu aanze dawa mpya, lakini miguu bado inavimba, na siku hizi anaswali akiwa ameketi. Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka hii yote ya kuandikiana kwa simu. Nimeandika kwa mkono, na barua nimempa Halima, binti wa mzee Idris wa Idsowe, anayerudi kazini huko Doha, kwa sababu sijui tena ni nani anayesoma tunayoandikiana. Ukishaisoma, nakuomba usinipigie. Nitakueleza kwa nini.

Huku ni kiangazi kikali. Mto umepungua mpaka mchanga umejitokeza katikati, na mifugo yote ya bara imeshuka kwenye delta. Kila malka ya kushukia mtoni imejaa ng'ombe wanaosubiri kunywa maji. Unaijua hali hiyo. Wakulima wanalinda mahindi yao, wafugaji wanatafuta njia ya kufika mtoni, na neno moja baya linatosha. Mwaka huu watu wanapitana sokoni bila kusalimiana. Maduka ya Garsen yanafungwa jua likiwa bado juu.

Habari ya kifo cha Dhadho, mtoto wa Ami Kalla, najua ulipewa siku ile ile. Hukuambiwa yote. Nataka kukueleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili uyaone jinsi yalivyofuatana kama nilivyoyaona mimi.

Ulipomaliza kazi kwenye ule mradi wa malisho ukaenda Doha, ulituachia kompyuta yako kwenye chumba cha mbele, hapo ninapochapia watu barua na kutoa fotokopi. Mradi ulikuwa umekwisha, lakini ile mikanda mliyowavisha ng'ombe viongozi shingoni iliendelea kutuma habari za mahali walipo, na kompyuta ikaendelea kuzipokea na kuzionyesha kwenye ramani. Kwetu ilikuwa baraka. Mtu akipotelewa na kundi lake alinipigia, nikatazama, nikamwambia wako upande wa Chewele, au wamevuka barabara kuu, wahi. Wamama waliniombea dua kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Novemba alikuja mwanamume mmoja, wa umri wako hivi, mwenye begi la vifaa vya ufundi. Alisema anaitwa Adan, na kwamba wewe ndiye uliyemtuma kusafisha kompyuta vumbi kabla haijaungua. Aliniita dada Muna. Alimuuliza Mama kuhusu miguu yake. Nilimpa chai, akafungua mashine, akafanya kazi kwa utulivu, akaifunga, akaondoka bila kutaka malipo. Nilikutumia ujumbe kwamba fundi amekuja. Ukanijibu kwa alama ya kidole gumba, basi. Wakati ule niliona ni jibu la mtu aliye kazini. Sasa sijui hata kama ni wewe uliyejibu, maana ujumbe wangu wa simu nilikuwa nimeuunganisha na kompyuta hiyo hiyo.

Desemba wizi ulianza. Kundi moja lilichukuliwa mchana kweupe likiwa mbali na watu, likapakiwa kwenye lori. Wiki chache baadaye, kundi la pili. Wezi hawakuwa wakizunguka kutafuta. Walikuja moja kwa moja, na siku zote walifika mahali ambapo wachungaji walikuwa wachache. Wazee walisema haiwezekani bila mtu wa ndani. Vijana wetu walisema mtu huyo ni mkulima, kwa sababu wakulima ndio wanaotuona tukipita kwenda malka. Maneno hayo yalianza kama minong'ono, na ilipofika Januari yalikuwa yakisemwa hotelini mbele ya watu.

Ndipo uliponipigia wewe. Ulisema kila ukijaribu kuifungua ramani ukiwa Doha, kompyuta inazubaa, na kwamba umepata mtu anayeuza RAM, ile memori ya kompyuta, kwa bei nzuri, utaituma. Ulichotaka kujua ni aina yake tu, kama ni DDR3 au DDR4, kwa sababu zisipolingana haziingii. Ulinikataza kufungua kasha, ukasema Linux, ule mfumo unaoiendesha, itatuambia yote bila bisibisi. Nikaketi, ukanisomea amri herufi kwa herufi, nami nikaiandika:

sudo dmidecode -t memory

Maandishi yakashuka mengi, ukaniambia nitafute neno Type, yaani aina. Nikakusomea: DDR3. Ukafurahi, ukasema ndivyo ulivyodhani. Ukaniambia nishuke chini, kwenye tundu la pili, ili tuhakikishe kuwa halina kitu. Ulisema kutakuwa na maneno ya kusema hakuna kipande kilichowekwa.

Hayakuwapo. Nikakusomea nilichokiona: tundu la kwanza lina kipande cha GB nne, na tundu la pili lina kipande cha GB nane, cha DDR3 vilevile, lakini cha kampuni nyingine.

Ukaniuliza, "Hicho cha pili ulikiweka lini?"

Nikakujibu kwamba mimi sijawahi kuweka kitu.

Ukasema, "Muna, usiguse kitu. Usimwambie mtu yeyote. Nitakupigia."

Abdiaziz, hukupiga. Nilikutii, sikumwambia mtu. Siku ya nne, asubuhi, Dhadho alikuwa akiwapeleka ng'ombe wa baba yake kunywa maji, yeye na mchungaji mmoja tu, kwa kuwa wengine walikuwa wametangulia. Lori lilikuwa limeshafika likiwangojea kwenye ile njia nyembamba kabla ya kufika mtoni. Dhadho hakukimbia. Walimpiga risasi, wakapakia ng'ombe. Yule mchungaji alijificha kwenye vichaka vya mathenge, na ndiye aliyekuja kusema.

Alama za magurudumu zilipita kwenye kona ya shamba la mtu wa Idsowe, kijiji cha wakulima. Kwa vijana wetu hilo lilitosha. Maiti ilipokuwa ikioshwa, niliwasikia nje wakipanga ni nyumba zipi za huko watakazozichoma.

Baada ya mazishi nilirudi nyumbani, nikaketi mbele ya mashine yako. Sikuwa na mtu wa kunisomea amri, lakini nilikuwa nimejifunza njia. Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila mara inapowashwa, na katika mistari ile ya kwanza kabisa hutaja kiasi cha memori ilichokikuta. Nilifungua za nyuma, moja baada ya nyingine. Mpaka ile siku aliyokuja Adan, ilikuwa ikikuta nne. Tangu alipoondoka, inakuta kumi na mbili. Nikaandika free -h, amri ya kuonyesha memori inayotumika, nikaona kwamba karibu yote ilikuwa inatumika, na mimi sikuwa nimefungua hata barua moja. Kulikuwa na programu inayofanya kazi kimyakimya, inavuta ramani nzima, mikanda yote kwa pamoja, na kuipeleka nje. Bila kile kipande cha pili mashine ingekwama kila saa, nami ningeshtuka mapema.

Nikatazama orodha ya walioingia kutoka mbali. Kila mara jina lililoandikwa lilikuwa lako.

Nilichomoa waya wa stima ukutani. Nilikaa kitandani nikijaribu kuwaza. Hazikupita dakika nyingi simu ikalia, namba nisiyoijua. Haikuwa sauti ya Adan. Ilikuwa ya mtu mzima, mpole, mwenye Kiswahili kizuri.

"Dada Muna, hamjambo hapo? Naona mashine imezima. Stima zimepotea?"

Nikasema ndiyo, zimepotea.

"Poleni. Na poleni kwa msiba. Zikirudi, iwashe."

Akakata. Mama alinikuta nimesimama katikati ya chumba, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa fotokopi.

Kesho yake watu walikusanyika nyumbani kwa Ami Kalla. Mzee Idris alikuwa amekuja kutoka Idsowe na wenzake wawili kutoa pole, jambo ambalo sijui ni nani mwingine angethubutu kulifanya wiki ile. Vijana walimzuia langoni. Dida, mdogo wake Dhadho, alikuwa ameshika panga, na hakulificha. Ami Kalla ndiye aliyesema waachwe wapite, lakini alisema kama mtu ambaye hana nguvu ya kusema mara ya pili.

Nilikuwa upande wa wanawake na Shangazi Qabale. Nilijua nikinyamaza, watu wa Idsowe watakufa kwa kosa lisilo lao, na baada yao wetu, na baada ya hapo hakuna atakayekumbuka lilianzaje. Nilijua pia nikisema, nitakuwa nimelitaja jina gani. Nilisimama.

"Ami," nikasema, "waliomuua Dhadho hawakuonyeshwa njia na mtu wa Idsowe. Walionyeshwa na mashine iliyo nyumbani kwetu."

Ami Kalla alitaka kujua nimejuaje. Nikaeleza nilivyoweza. Nikasema ndani ya kompyuta mna kitu kinachoitwa memori, ambacho stima zikikatika husahau kila kitu, kwa hiyo hakiwezi kutoa ushahidi. Lakini ule ubao kinapochomekwa unajua kimechomekwa nini, cha aina gani na ukubwa gani, na ukiuliza kwa amri inayofaa unakujibu. Nikasema kuna mtu aliyeongeza kipande siku ya Adan, na kwamba wizi ulianza baada ya hapo, na kwamba kila mahali palipoibiwa palikuwa kwenye ramani. Wengi hawakuelewa habari ya vipande. Habari ya mikanda waliielewa mara moja. Niliwaona wachungaji wakitazamana.

"Mashine ni ya nani?" Ami Kalla akauliza, ingawa anajua.

"Ya Abdiaziz."

Nikaharakisha kukutetea. Nikamwambia Ami kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyeniomba niitazame ile RAM, na mtu anayejua kuna kipande cha pili asingemtuma dada yake akakione. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, kwa siku zote hizo, sikuwa nimejiuliza.

"Huyo Adan alipoiwasha, nani alimwandikia neno la siri?"

Nilimwona tena akiketi kwenye kiti changu, vidole vikienda kwenye kibodi bila kusita. Hakuniuliza. Alikuwa nalo. Na neno lile, ndugu yangu, walikuwa wanalijua watu wawili tu duniani, wewe na mimi.

"Alikuwa nalo tayari," nikasema.

Ami Kalla akatikisa kichwa polepole. "Basi huenda aliyempa mlango hakujua mgeni ataingia na nini. Lakini mlango alimpa."

Sitakuficha kwamba baada ya hapo nilitamani ningekaa kimya. Lakini siku ile vijana hawakwenda Idsowe. Ami Kalla aliamuru mikanda yote ikatwe, na wakaikata, wakaitoa betri, wakaileta kwenye gunia. Mzee Idris alilia, Abdiaziz, mzee yule mkubwa, na Dida akamtazama akilia, halafu akaliweka panga chini. Jioni hiyo hiyo mimi, Ami Kalla na mzee Idris tuliibeba kompyuta mpaka kituo cha polisi. Wameichukua, wameandika maelezo yangu, wanaendelea kuchunguza. Lori lilipatikana limeachwa kando ya barabara ya Malindi, likiwa tupu. Namba ya yule mtu mpole haipatikani tena. Adan hakuna anayemjua. Tangu mikanda ikatwe hakujaibiwa kundi lingine.

Ungedhani basi tumepumua. Pikipiki moja hupita mbele ya nyumba yetu kila siku baada ya alasiri, inapunguza mwendo, dereva anatazama dirisha la chumba cha mbele, kisha anaendelea. Si mtu wa hapa. Nimehamisha kitanda cha Mama kwenda chumba cha nyuma, nikamwambia ni kwa sababu ya joto.

Na kuna jambo la Dida. Hana ugomvi nami. Ananisalimia, anamletea Mama maziwa, anaketi kidogo. Kila anapokuja ananiuliza siku utakayorudi. Anauliza kwa adabu, anauliza na ndege utakayopanda, kama utashukia Mombasa au Nairobi. Nilimwambia likizo yako huwa karibu na Idd. Alishukuru. Baada ya kuondoka ndipo nilipoona kwamba sikupaswa kumwambia.

Kwa hiyo nisikilize, ndugu yangu, kama ulivyokuwa ukinisikiliza tulipokuwa wadogo. Ami Kalla amenipa neno lake mbele ya mzee Idris. Amesema ukija mwenyewe, ukasimama mbele ya wazee na ukaapa kwa msahafu kwamba hukumpa mtu neno lile, atakupokea kama mwanawe, na hakuna wa kwake atakayekugusa. Amesema pia kwamba neno hilo ni la mtu atakayeapa kweli. Kwa mwingine hana ahadi.

Sikuulizi kwa nini hukupiga. Labda uliogopa. Labda ulimwamini rafiki wa huko kazini aliyekwambia atakusaidia kuitunza mashine ukiwa mbali, na hukuona ubaya. Labda kuna ambalo sitaki kuliandika. Nimeyawaza yote, na kwa kila moja nimekuombea.

Kama hukumpa mtu, njoo. Usingoje Idd, njoo wiki hii, upitie kwa Ami Kalla kabla hujafika nyumbani. Kama ulimpa, hata kwa wema, hata kwa ujinga, usije. Baki huko. Mimi nitamtunza Mama na nitajua la kumwambia. Usiandike wala usipige. Mwambie Halima moja tu kati ya haya mawili, "naja" au "siji", naye atalifikisha kwa baba yake.

Shangazi Qabale anakusalimu, ingawa alichukua muda kabla ya kuniambia nikuandikie hivyo. Mzee Idris anakusalimu na anasema amekuwekea dua. Nisalimie Mukhtar na wale wengine mnaoishi nao, ila usiwaambie kilichomo humu.

Mola akulinde na kila anayekujia kwa sura ya urafiki, aufanye ulimi wako uwe mwepesi kwenye kweli, na atukutanishe mahali penye amani, hapa duniani ikiwezekana.

Mama amenituma niandike kwamba chumba chako kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa shuka mpya. Nimeandika kama alivyosema. Yeye hajui lile la neno la siri.

Ni mimi dada yako, ambaye hajaacha kukupenda,

Muna